Mwaka 1928: Mkutano wa Mombasa na Santuri za Bombay

Historia ya Kiswahili sanifu, kama tunavyoifundisha vyuoni, huanza na mkutano. Mwaka 1928 wajumbe wa serikali za kikoloni na wamisionari walikutana Mombasa, wakaamua kwamba lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa lugha ya shule na vitabu. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ili kuusimamia uamuzi huo. Wanafunzi wangu huziandika tarehe hizo katika mitihani bila kukosea. Ninapowauliza Kiunguja kilipatwa na jambo gani jingine mwaka huohuo wa 1928, darasa hunyamaza.

Mwaka huo Siti binti Saad na wanamuziki wenzake walivuka bahari kwenda Bombay, wakarekodi nyimbo kwa Kiswahili chini ya nembo ya His Master's Voice. Kufikia mwaka 1931 santuri zake zipatazo 72,000 zilikuwa zimeuzwa. Kabla redio haijaenea katika nchi zetu, santuri hizo zilikipeleka Kiunguja mahali ambapo hakuna mwalimu wala mkaguzi wa elimu aliyekuwa amefika.

Wazungu huzitunza historia za vikundi vyao vidogo vya muziki. Beaux Arts Trio, kikundi cha piano, fidla na selo, kilipiga muziki tangu 1955 hadi 2008. Wapigaji wa fidla na selo walibadilika, mpiga piano Menahem Pressler akabaki hadi mwisho, na habari zao zimeandikiwa kitabu. Siti naye hakuwa peke yake. Alifanya kazi na Mwalimu Shaaban, Mbaruk Effandi na Budda bin Mwendo, wote waimbaji mashuhuri wa zama zao. Ni Watanzania wangapi leo wanaoweza kuwataja watatu hao?

Muziki waliourithi ulikuwa wa ikulu. Taarabu ilistawi Unguja chini ya Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, na ikaimbwa kwa Kiarabu mbele ya wakubwa. Klabu ya Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, iliuendeleza utamaduni huo. Siti alitoka upande mwingine kabisa wa jamii. Alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880 katika familia ya watumwa, akapewa jina la Mtumwa, akafinyanga vyungu na kuvitembeza mjini akiuza. Mwanamke huyo na wenzake waliuchukua muziki wa ikulu, wakauimba kwa lugha ya Ng'ambo, mtaa wa makabwela.

Wala hawakuimba mapenzi peke yake. Wimbo wa Kijiti unasimulia kisa cha mtu aliyemuua mwanamke mgeni kisha akatorokea bara, huku waliotoa ushahidi wakitiwa hatiani kwa kosa la pombe. Hiyo ilikuwa hukumu ya umma juu ya mahakama ya kikoloni, iliyotolewa kwa lugha ambayo kila mfinyanzi na kila mchukuzi aliielewa. Kamati ya Lugha ilishughulika na tahajia, sarufi na kamusi. Akina Siti walishughulika na haki. Lugha ilihitaji vyote viwili, lakini vitabu vyetu vya historia vimekumbuka kimoja.

Huenda msomaji akauliza, mtu wa Njombe ana nini na taarabu ya Unguja? Jibu langu ni kwamba mimi ni miongoni mwa waliopokea matunda ya mwaka 1928. Nyumbani tulisema Kibena, Kiswahili tukakikuta shuleni. Leo katika minada ya viazi pembezoni mwa Kitulo, Mkinga wa Makete na Msafwa wa Mbeya hupatana bei kwa Kiswahili. Pale Makambako, barabara kuu inapokutana na reli ya TAZARA, hakuna anayeuliza kabila lako kabla ya kukuuzia chai. Lugha iliyotuunganisha hivyo haikuja juu ya mgongo wa maofisa pekee. Ilipendwa kwanza, na kilichoifanya ipendwe ni pamoja na nyimbo.

Mwaka 1966 Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili, mrithi wa Kamati ileile, kilichapisha kitabu kiitwacho Waimbaji wa Juzi, chenye nyimbo za Siti, Shaaban, Mbaruk na Budda. Shaaban Robert naye alikwisha kumwandikia Siti wasifu. Kwa hiyo wazee wetu walijua deni hilo na walianza kulilipa. Sisi ndio tuliosimamisha malipo.

Kila tarehe 7 Julai tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa hotuba na makongamano, kisha wanafunzi wa sekondari hurudi madarasani kufundishwa kwa Kiingereza. Siti binti Saad alifariki tarehe 8 Julai 1950. Napendekeza maadhimisho yetu yaongezwe siku moja, ili tarehe 8 nyimbo zake zisikike katika shule zetu, za Unguja na za Makete pia. Mtoto akijua kwamba lugha yake ilijengwa pia na mfinyanzi vyungu, itakuwa vigumu kumshawishi kwamba haifai kufundishia elimu ya juu.