Tone la Maji Ndani ya Kompyuta

Mwaka 1805 Thomas Young, daktari na mwanafizikia wa Uingereza, alieleza jambo linalotumika hadi leo: tone la maji likitua juu ya kitu kigumu, ukingo wake hufanya pembe. Pembe ikiwa ndogo, maji yametandaa na kulowesha. Ikizidi nyuzi 90, yamejikunja kama juu ya jani la mgimbi.

Juu ya jiwe lililosuguliwa pembe hiyo hupimika. Kwenye udongo wa mfinyanzi kuna kazi. Chembe zake ni vijibamba ambavyo kwa kawaida havifiki hata mikroni mbili kwa upana, na huwezi kudondoshea kimoja tone la maji. Wapimaji walishindilia unga wake, wakapata jibu la mchanganyiko.

Njia nyingine ilianzia mbali kabisa na udongo. Mwaka 1953, huko Los Alamos, Marekani, Arianna Rosenbluth aliandika programu ya kompyuta ya MANIAC iliyokokotoa mpangilio wa chembe kwa kubahatisha. Mwaka 1964 Aneesur Rahman, mzaliwa wa Hyderabad, India, alifuatilia kwa kompyuta mwendo wa atomi 864 za agoni. Kisha, 1971, yeye na Frank Stillinger wakayafikia maji: molekuli 216 tu. Kwangu mimi hatua hiyo ndiyo kubwa kuliko zote. Atomi za agoni karibu hazishikani. Molekuli za maji hushikana na kuachana bila kukoma, na mshikano huo ndio unaoamua kama tone litatandaa au litajikunja.

Ukabaki udongo. Mwanakemia Linus Pauling alikuwa ameshaeleza matabaka ya madini ya udongo wa mfinyanzi mwaka 1930. Mwaka 2004 watafiti Randall Cygan, Jian-Jie Liang na Andrey Kalinichev walichapisha CLAYFF, kanuni za kukokotoa jinsi atomi za udongo huo na maji zinavyovutana na kusukumana.

Chukua kaolini, madini yanayopatikana Pugu, karibu na Dar es Salaam. Kijibamba chake kina nyuso mbili: mmoja una oksijeni zilizofungwa na silikoni, mwingine una oksijeni zenye hidrojeni, juu ya alumini. Katika uigaji wa kompyuta, maji hutandaa upesi kwenye uso wa pili. Kwenye ule wa kwanza hujikusanya kuwa tone. Unga ulioshindiliwa ulikuwa umezificha tabia hizo mbili.

Lakini kaolini ya kompyuta ni safi mno. Udongo wa shambani umepakwa mboji, ambayo ikikauka inaweza kuyakataa maji ya mvua, na sasa watafiti wanaiongeza mboji hiyo kwenye mahesabu, molekuli baada ya molekuli.