Tiba ya tabia kwa watoto wenye usonji: Mtaalamu yu mbali, mzazi yu karibu

MTOTO asiyeitika anapoitwa, asiyetazamana na mama yake na anayejigonga kichwa ukutani anapokasirika, bado huitwa mkaidi, aliyerogwa au mwenye laana ya ukoo. Wapo wanaofungiwa ndani wageni wasiwaone, na wapo wanaochapwa hadi wanyamaze.

Kitabibu, dalili hizo zaweza kuwa za usonji au aina nyingine ya ulemavu unaoathiri ukuaji wa ubongo. Miongoni mwa huduma zinazotumika zaidi duniani kwa watoto wa aina hiyo ni tiba ya tabia, yaani mafunzo yanayomjengea mtoto stadi mpya hatua kwa hatua na kupunguza matendo yanayomdhuru. Tiba hiyo si dawa ya kunywa, wala haiondoi usonji.

Inavyofanya kazi

Msingi wa tiba hiyo ni kwamba kila tendo la mtoto lina sababu. Mtaalamu huchunguza mambo matatu: kilichotangulia, tendo lenyewe na kilichofuata. Mtoto anayejitupa chini sokoni na kupewa andazi ili anyamaze, hujifunza kuwa andazi huombwa kwa kujitupa chini. Tiba humfundisha kuomba kwa kidole, kwa picha au kwa neno, na kumpa andazi mara anapofanya hivyo.

Stadi kubwa hugawanywa vipande vidogo. Kunawa mikono, kwa mfano, huwa ni kulowesha, kupaka sabuni, kusugua, kusuuza na kukausha. Mtoto hufundishwa kipande kimoja na kusifiwa papo hapo anapofaulu, kisha huongezwa kingine.

Kwa familia za kandokando ya Ziwa Victoria, kumfundisha mtoto kusimama mara asikiapo neno "simama" kwaweza kuokoa maisha. Watoto wengi wenye usonji hutoroka nyumbani bila kutambua hatari, na baadhi yao huvutwa na maji.

Sifa na lawama

Tiba hiyo ilipata umaarufu mwaka 1987, pale mwanasaikolojia Ivar Lovaas wa Marekani alipochapisha utafiti wa watoto 19 waliofundishwa takribani saa 40 kwa wiki, ambapo tisa kati yao walielezwa kufanya vizuri katika shule za kawaida. Wataalamu wengine waliukosoa utafiti huo kwa kuwa watoto hawakugawanywa katika makundi kwa bahati nasibu.

Aidha, adhabu zilizotumika katika miaka ya mwanzo, zikiwemo za umeme, zililaaniwa, na baadhi ya watu wazima wenye usonji hulalamika kuwa tiba hiyo huwalazimisha watoto kuficha maumbile yao. Ndiyo maana leo husisitizwa kuwa kiboko hakina nafasi, na kwamba lengo liwe stadi inayomfaa mtoto mwenyewe, si kuwaridhisha majirani.

Huduma na umbali

Kwa wakazi wa Musoma, Bunda na Butiama, mlango wa kwanza ni kliniki ya watoto katika zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa iliyopo Musoma. Uchunguzi wa kibingwa hufuatwa Bugando jijini Mwanza, zaidi ya kilometa 200 kutoka Musoma, au mbali zaidi, KCMC mjini Moshi na Muhimbili jijini Dar es Salaam.

Hapo ndipo penye ugumu. Tabia haibadiliki kwa safari moja ya hospitali. Hubadilika kwa mazoezi ya kila siku. Mzazi wa Kata ya Buswahili, wilayani Butiama, hawezi kumpeleka mtoto Mwanza kila wiki.

Jibu mojawapo ni mafunzo kwa walezi yaliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa familia za watoto wa miaka miwili hadi tisa, na kutolewa kwa umma mwaka 2022. Yana vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, na huweza kuendeshwa na walimu au wahudumu wa afya waliofundishwa. Kenya na Ethiopia ni miongoni mwa nchi zilizoyafanyia majaribio.

Tanzania ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii Januari 2024. Wahudumu hao wakipewa stadi hizo, huduma itaweza kumfikia mtoto nyumbani kwao.

Haki na dalili

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtendea mtoto mwenye ulemavu kwa namna inayodhalilisha utu wake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki yake ya afya, utengamao na elimu.

Mzazi anashauriwa kumwona mtaalamu endapo mtoto haitiki jina lake afikapo mwaka mmoja, haonyeshi vitu kwa kidole afikapo mwaka mmoja na nusu, haungi maneno mawili afikapo miaka miwili, au anapoteza maneno aliyokwisha kuyajua. Apimwe pia masikio, kwani mtoto asiyesikia naye haitiki. Akiambiwa asubiri kwa kuwa "atasema tu", aombe tarehe ya kurudi na iandikwe kwenye kadi ya kliniki.