Uvimbe maji

Mtu akiambiwa ana uvimbe kwenye taya, anachosikia ni saratani. Lakini huenda ni jipu au sisti tu. Jipu lina usaha na huuma. Sisti, au uvimbe maji, ni kifuko chenye utando wake. Hukua polepole, kimyakimya, hadi eksirei iifichue. Iliyo ya kawaida zaidi huota penye ncha ya mzizi wa jino lililokufa. Nyingine huzingira kichwa cha gego la mwisho lililokwama mfupani. Aina iitwayo keratosisti ndiyo korofi: hukwanguliwa, ikarudi. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliihamishia kwenye kundi la uvimbe halisi, 2017 likairudisha kwenye sisti. Nayo, ukiipasua, mara nyingi hutoa ute mzito mweupe kama jibini. Maji yako wapi?