Tabia Zilizovusha Misafara Ugogo

Kizota, magharibi mwa jiji la Dodoma, ni kata ya viwanda na maghala ya nafaka. Kazi ya kubeba mzigo ni kongwe katika nyanda hizi za Ugogo, nchi ya Wagogo. Kabla ya reli kufika Dodoma mwaka 1910, bidhaa za pwani na pembe za ndovu za bara zilivuka Ugogo mabegani na vichwani mwa watu.

Wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Mtu alibeba kilo 30 au zaidi, na juu yake mkeka, chungu na silaha yake. Kwao safari ya pwani ilikuwa kipimo cha utu uzima. Kijana aliyerudi salama aliheshimiwa kijijini.

Nguvu peke yake haikutosha. Kutoka Mpwapwa msafara ulikatiza Marenga Mkali, nyika isiyo na maji, ndipo uingie Ugogo. Huko visima vilikuwa mikononi mwa watemi wa Kigogo, na kila mtemi alidai hongo, yaani ushuru wa vitambaa kama merikani na kaniki. Mazungumzo yangeweza kula siku kadhaa. Mwenye hasira aliuponza msafara mzima, kwa kuwa ugomvi mmoja kisimani ungewaacha mamia ya watu na kiu.

Msafiri Henry Morton Stanley alilionja jambo hilo mwaka 1871, alipopita Mvumi, kusini-mashariki mwa Dodoma ya leo. Ukubwa wa hongo ulimchukiza, lakini alikuwa ameandamana na wafanyabiashara Waarabu walioizoea njia hiyo, akiwemo mzee mmoja aliyeitwa Sheikh Thani. Utulivu wa mzee huyo ulifaa Ugogo kuliko bunduki.

Kuna pia Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa utumwani India, kisha akarejea Zanzibar akiwa huru. Kuanzia mwaka 1857 aliwatumikia wasafiri Waingereza Burton na Speke, baadaye Stanley, na hatimaye msafiri mwingine, Cameron, ambaye alifika naye pwani ya Atlantiki mwaka 1875. Hakuwa malaika: alilewa, aligombana, na Stanley alimpiga. Ila Speke alimsifu kwa uaminifu wake, na lugha alizozijua zilimfanya daraja kati ya wageni na wenyeji. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtunuku nishani ya fedha.

Wala uvumilivu wa wapagazi haukuwa unyonge. Posho ikipunjwa, au mwendo ukizidi kiasi, waliweka mizigo chini na kugoma. Wengine walitoroka usiku. Walijua thamani ya kazi yao, na kiongozi mwenye busara aliwasikiliza mapema.

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na misafara mikubwa ya njia hii ikafikia mwisho wake. Vitabu vingi vya safari hizo vimebeba majina ya Wazungu. Walimu wa Dodoma wanaofundisha historia ya mji wao waanze na wapagazi, maana ndio waliozivuka nyanda hizi na mzigo kichwani.