Uhalali wa Mabadiliko ya Wosia: Saini Pekee Haitoshi

Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inamruhusu mtu mwenye akili timamu kuubadili wosia wake wakati wowote angali hai. Ugomvi huanza akishafariki, pale warithi wanapobishana iwapo badiliko ni lake kweli. Makala haya yanadai kwamba sheria hiyo imelinda vyema umbo la mabadiliko, lakini haijalinda vya kutosha hiari ya aliyeyafanya.

Chukua mfano wa mzee aliyemwachia binti yake shamba la chai. Baada ya kifo chake, jina la binti linakutwa limepigwa mstari, na juu yake limeandikwa la kaka yake, kwa mwandiko wa mzee mwenyewe. Chini ya kifungu cha 20, badiliko hilo ni bure. Lilipaswa kutiwa saini upya mbele ya mashahidi wasiopungua wawili, hata kama ni pembeni mwa ukurasa. Wako wanaoona kwamba hapo matakwa ya marehemu yanakanyagwa kwa ajili ya saini. Hawazingatii kwamba mwandiko humtambulisha aliyeandika tu. Hautuambii kama alikuwa amekata shauri au alikuwa bado anapima wazo, naye hayupo tena aulizwe. Kwa hiyo ukali wa kifungu hiki una haki yake.

Tatizo liko kwenye badiliko lililotimiza masharti yote. Kifungu cha 7 kinabatilisha wosia uliopatikana kwa ulaghai au shinikizo. Hata hivyo, kifungu cha 5 kinamchukulia mwenye wosia kuwa na akili timamu, na kumtaka anayepinga athibitishe vinginevyo. Mara nyingi mpingaji aliishi mbali, ilhali mfaidika ndiye aliyemuuguza mzee, akamwita wakili na kuwachagua mashahidi. Anayetakiwa kuthibitisha ndiye asiyejua lililotendeka.

Uingereza ilikutana na suala hili katika kesi ya Wintle dhidi ya Nye, iliyofika Baraza la Malodi. Wakili Nye alikuwa ameandaa wosia wa mteja wake na nyongeza yake, kisha yeye mwenyewe akanufaika na sehemu kubwa ya mali. Kanali Alfred Wintle, aliyeupinga wosia huo, alijiwakilisha mbele ya Baraza hilo bila wakili, akashinda. Funzo la kesi hiyo ni kwamba anayeandaa hati inayomnufaisha ndiye anayepaswa kuiondolea shaka.

Napendekeza kanuni hiyo itumike kwa uzito zaidi kwenye mabadiliko kuliko kwenye wosia wa kwanza. Wosia wa awali ni ushahidi wa fikra za marehemu alipokuwa na afya; badiliko linaloupindua ghafla wakati wa ugonjwa, kupitia mikono ya mfaidika, linahitaji maelezo. Itasemwa kwamba hilo litamzuia mzee kumtuza aliyemtunza. Halitamzuia: wakili asiye na upande, ripoti ya daktari na sababu zilizoandikwa vitamtosha mfaidika mwaminifu.

Isitoshe, kifungu cha 13 tayari kinamnyima mfaidika fungu lake akishuhudia wosia huo bila mashahidi wengine wawili huru. Ikiwa sheria inamshuku anayetia saini ya ushahidi, haina sababu ya kumwamini zaidi aliyeileta karatasi yenyewe kitandani mwa mgonjwa.