Visasili vya Uumbaji na Mtoto wa Mtaani: Mfano wa Eastlands, Nairobi

Istilahi ‘kisasili cha uumbaji’ imekita mizizi katika mafunzo ya fasihi simulizi hivi kwamba ni nadra mtu kuuliza iwapo masimulizi yanayowekwa chini yake husimulia uumbaji hasa. Makala haya yanadai kwamba mengi ya masimulizi hayo hayaelezi jinsi dunia ilivyoumbwa, bali jinsi watu fulani walivyoipata nchi yao. Dai hili linadhihirika tunapoyafuata hadi mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, ambako mtoto aliuliza swali lile lile la watoto wote, yaani dunia ilitoka wapi, lakini mazingira ya kumjibu yakawa mengine kabisa.

Tuanze na masimulizi yenyewe. Katika simulizi ya Agĩkũyũ, kama ilivyoandikwa na Jomo Kenyatta mwaka 1938 katika kitabu chake Facing Mount Kenya, Mungu anampandisha Gĩkũyũ juu ya Kirinyaga, anamwonyesha nchi, kisha anampa Mũmbi awe mkewe. Mabinti zao ndio chimbuko la koo. Wakamba husimulia habari za watu wa kwanza waliotokea katika mwamba wa Nzaui, Ukambani. Wajaluo nao humtaja Ramogi, na kilima chenye jina lake kingalipo Yimbo. Msomaji ataona kwamba katika simulizi zote hizi ardhi tayari ipo. Hakuna anayeuliza udongo ulitoka wapi. Linaloulizwa ni nani aliyekabidhiwa udongo huo, na jibu lina mlima, mwamba au kilima ambacho mtoto anaweza kuonyeshwa kwa kidole. Kwa hiyo simulizi hizi ni hati ya ardhi kwa kiasi kile kile zilivyo ngano za watoto.

Mtaani hati hiyo haikuwa na shamba la kuithibitisha. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa mahali rasmi pa Waafrika mjini. Wakazi waliruhusiwa kujijengea nyumba, ila ardhi ilibaki kuwa ya Manispaa. Kijiji cha Pangani kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wengi wa waliohamishwa walipelekwa Shauri Moyo. Sera ya kikoloni ilimtazama Mwafrika wa mjini kuwa kibarua wa muda ambaye kwao ni ‘rizavu’. Makao mengi yalikusudiwa wanaume wasio na familia, na mitaa iliyowazingatia watu wa familia, kama vile Kaloleni, ilikuja baadaye, katika miaka ya 1940. Matokeo yake kwa fasihi yanastahili kutiliwa mkazo. Nyanya, ambaye ndiye fanani wa jadi wa jioni, aliachwa mashambani pamoja na moto wake wa kuni. Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ilianzisha Operesheni Anvil, na maelfu kwa maelfu ya Agĩkũyũ, Waembu na Wameru wakaondolewa mjini, wengi wao wakatiwa vizuizini. Familia ambazo zingeweza kupokezana simulizi hizo mtaani zikatawanywa.

Pengo hilo lilizibwa na fanani wa aina nyingine: mwalimu wa chuoni, mwalimu wa shule ya Jumapili, na baadaye mwalimu wa darasani. Lugha yao mara nyingi ilikuwa Kiswahili, na Kiswahili kilikwisha kuzoea kazi hiyo. Ludwig Krapf alianza kutafsiri Mwanzo mjini Mombasa mwaka 1844, na sura za kwanza zikachapishwa mwaka 1847. Hivyo kisa cha uumbaji ni miongoni mwa maandishi ya awali kabisa ya Kiswahili kuchapishwa kwa hati za Kirumi. Kwa upande wa Uislamu, kisa cha Adamu na Hawa kilikuwa kimesimuliwa pwani kwa karne nyingi kabla ya hapo.

Ni rahisi kuhitimisha kwamba dini za kigeni zilimeza simulizi za wenyeji. Hitimisho hilo lina ukweli. Okot p’Bitek alikwisha kuonyesha, katika uhakiki wake wa miaka ya 1970, jinsi wamishenari walivyowalazimisha wazee wa Kiacholi kujibu swali la nani aliyewaumba, ilhali kitenzi kilichotumiwa kiliwafikia kwa maana ya kufinyanga. Hata hivyo, kitenzi hicho hicho kinatufunza jambo jingine. Katika Kiswahili, kuumba ni kazi ya Mungu na pia ni kazi ya mfinyanzi. Katika Kigĩkũyũ, jina la Mũmbi linatokana na kitenzi kilicho ndugu wa kuumba, na mũmbi ni mfinyanzi. Wajaluo humwita Mungu Jachwech, kutokana na kitenzi wanachokitumia kwa kufinyanga chungu. Kurani nayo, katika Sura ya 55, inasema mtu aliumbwa kwa udongo mkavu mfano wa vyungu. Mtoto wa Kaloleni aliyesikia neno ‘kuumba’ hakusikia neno geni. Alisikia mwangwi wa lugha ya mamake.

La kushangaza ni kwamba Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotolewa mwaka 1952, inatumia kuumba pale mbingu na nchi zinapotokea kwa neno tu. Inapofika sura ya pili, mahali ambapo mtu anatengenezwa kwa mavumbi na mfinyanzi angetarajiwa, inatumia kufanya. Kitenzi cha udongo kimepewa kazi isiyo na udongo. Hapa ndipo maana ya uumbaji tunayoitumia leo katika uainishaji wetu ilipozoeleka, na hapa ndipo visasili vya Kirinyaga, Nzaui na Ramogi vilipoanza kupimwa kwa kipimo kisicho chao.

Kwa nini basi kisa cha Adamu kilishika mtaani? Nguvu ya kanisa, chuo na shule ni sababu moja. Sababu ya pili, ambayo wahakiki wameizingatia kwa uchache, ni kwamba kisa hicho hakikuwa na kilima cha mtu. Katika ploti moja waliishi wapangaji ambao simulizi zao za asili zilielekeza kwenye nchi mbalimbali, na kila moja iliwaacha majirani nje. Adamu hakumwacha mtu. Kiswahili chenyewe kinalibeba wazo hili: ‘binadamu’ na ‘mwanadamu’ maana yake ni mtoto wa Adamu. Mtoto wa Eastlands alikuwa akisimulia asili ya watu kila alipolitamka neno hilo, hata akiwa katikati ya mchezo.

Waraka wa Oktoba 1968 wa Ngũgĩ wa Thiong’o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong katika Chuo Kikuu cha Nairobi ulidai fasihi simulizi iwekwe katikati ya mafunzo yetu. Kazi hiyo haitakamilika iwapo tutamfundisha mtoto wa mjini kwamba Gĩkũyũ na Ramogi ni majibu ya swali la Mwanzo. Tumwambie wazi kwamba ni majibu ya swali jingine, la nani ana haki ya kuishi wapi. Katika nchi ambamo swali hilo limemwaga damu, mitaa hii ikiwemo, mwaka 2007 na 2008, mwalimu anayezichanganya simulizi hizi anamrithisha mtoto madai ya ardhi huku akidhani anamfundisha habari za nyota na bahari.