Kiwanja Kina Kumbukumbu

Tarehe 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilipopasuka, nilikuwa na miaka 11. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Siku chache baadaye tulirudi mtaani kwetu Majengo, mjini Goma, tukikanyaga mawe ya lava yenye joto bado. Ardhi ilikuwa imepanda juu ya mahali lilipokuwa dirisha letu. Baba na majirani walikumbushana nani alipakana na nani, wakapanga upya mipaka ya parseli, yaani viwanja, kwa kukumbuka tu.

Kisha wakasawazisha. Vifaa vilikuwa mtaimbo, nyundo nzito, uzi na mpira mwembamba uliojaa maji. Mmoja hushika ncha huku, mwenzake kule; maji yakitulia, vimo vinalingana na uzi unafungwa. Walivunja vichwa vya lava, wakajaza mashimo kwa vipande vyake, wakamalizia kwa changarawe nyeusi. Mawe mazuri yalijengewa ukuta, mengine yakapakiwa kwenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, kwenda kuuzwa. Juu ya kiwanja hicho tukasimamisha nyumba ya mbao. Ndivyo sehemu kubwa ya Goma ilivyojengwa upya: kwa mikono, parseli kwa parseli.

Leo riziki yangu ni kazi ileile ya kusawazisha viwanja, ila nafanya kwa kompyuta. Naingiza vipimo katika programu ya Civil 3D. Inaunganisha nukta kwa pembetatu, na sura ya kiwanja inatokea. Nachora mteremko ninaoutaka, nayo inanihesabia mita za ujazo za kukata na za kujaza. Hesabu iliyokula siku nyingi za kalamu inakwisha asubuhi moja. Naithamini sana.

Lakini programu inajua tu kile ulichopima, nacho ni uso. Haijui kwamba mwamba ukivunjwa huvimba, mpaka uiambie kwa kiasi gani. Haijui kwamba chini ya lava iliyoganda huweza kuwa na uwazi. Katika moja ya kazi zangu za mwanzo nilikata sana ili mawe yaliyokatwa yatoshe kujaza. Kwenye skrini kila kitu kilikuwa sawa. Tingatinga likatoboa paa la pango dogo. Baba alikuja, akagonga mwamba kwa mtaimbo, akasikiliza. "Mwanangu," akaniambia, "hapa sisi tulijaza, hatukukata kwa kina. Ungeuliza."

Tangu hapo nauliza. Na hapa kuna mengi ya kuuliza: Nyiragongo ina kimo cha mita 3,470 na Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460; kati yao kuna kilomita zisizofika 20, na mji wetu uko chini ya mteremko huo. Lava ilishuka mwaka 1977, ikashuka 2002, ikashuka tena tarehe 22 Mei 2021. Kila mara iliiacha ardhi na sura mpya.

Vijana mnaojifunza programu hizi, jifunzeni kwa bidii. Ila kabla ya kuwasha kompyuta, tembeeni kiwanjani na mzee aliyekuwepo, mumuulize moto ulipita wapi na nini kilijazwa wapi. Majibu yake ni vipimo pia. Yaandikeni kwenye mchoro.